Uchambuzi wa riwaya ya Petit Pays ya Gaël Faye: mtoto anapolazimishwa kuwa na upande

Watazamaji wangu, karibuni. Kitabu nilichokishika leo ni riwaya ya kwanza ya Gaël Faye, Petit Pays, maana yake Nchi Ndogo, iliyochapishwa na Grasset mjini Paris mwezi Agosti 2016. Ni kitabu chembamba cha kurasa mia mbili na ushei, chenye sura fupifupi, na msomaji mzoefu hahitaji wiki nzima kukimaliza. Mwaka uleule wa 2016 kilipata tuzo ya Goncourt des lycéens, ambayo mshindi wake huchaguliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa wenyewe baada ya kuzisoma riwaya zilizopendekezwa. Naitaja tuzo hiyo mapema kwa sababu inatuambia jambo la kweli kuhusu kitabu chenyewe: vijana waliokulia mbali kabisa na Maziwa Makuu waliielewa hadithi ya mtoto wa Bujumbura, na wakaona kwamba inawahusu.

Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake akiwa Mfaransa na mama yake Mnyarwanda, akaondoka kwenda Ufaransa mwaka 1995 wakati vita vilikuwa vimekwisha kuingia mjini. Wengi walimfahamu kwanza kama mwanamuziki wa rap, na jina la riwaya hii alikuwa amekwisha kulitumia katika wimbo wake miaka michache kabla. Mhusika mkuu, Gabriel, ana wazazi wenye asili hiyohiyo na anakulia katika mji uleule, kwa hiyo ni rahisi mtu kukisoma kitabu hiki kama kumbukumbu za mwandishi. Nawaomba msikisome hivyo. Hii ni riwaya, imesukwa kama riwaya, na mambo yake mazito yamewekwa mahali pake kwa makusudi ya sanaa.

Gabriel, ambaye wote humwita Gaby, ana miaka kumi hadithi inapoanza. Anaishi Kinanira, mtaa wa watu wenye nafasi mjini Bujumbura, katika barabara fupi isiyopenya upande wa pili, pamoja na baba yake Michel, mama yake Yvonne, ambaye ni Mtutsi aliyekimbilia Burundi kutoka Rwanda, na mdogo wake Ana. Ana marafiki wanne: Gino, Armand na mapacha wawili. Makao yao makuu ni gari bovu la Volkswagen Combi lililotelekezwa katika kiwanja kitupu, na kazi yao kubwa ni kuiba maembe kwenye miti ya majirani, tena wana ujasiri wa kumuuzia jirani maembe yaliyotoka kwenye mti wake mwenyewe. Kurasa hizi za mwanzo zimejaa kicheko, harufu ya matunda, mvua na vumbi, na mtu aliyekulia popote kandokando ya Ziwa Tanganyika atayatambua mambo mengi bila kuelezwa.

Hata hivyo, kitu cha kwanza kuvunjika katika riwaya hii ni ndoa. Kabla hatujasikia risasi hata moja, Michel na Yvonne wanagombana, wanasafiri pamoja na watoto hadi Bukavu, wanarudi, na hatimaye mama anaondoka nyumbani. Baadhi ya wasomaji huona sehemu hii kama utangulizi mrefu unaochelewesha habari yenyewe. Mimi naiona kuwa msingi wa kitabu kizima, kwa sababu ndiyo inayomfundisha Gaby jinsi mtoto anavyoanza kutakiwa aegemee upande mmoja kati ya watu wawili anaowapenda sawasawa. Michel ni mtu anayeamini kwamba watoto wake hawapaswi kuguswa na siasa, na nyumbani kwake mazungumzo ya siasa hayatakiwi. Katika nyumba hiyohiyo yupo mpishi Mhutu, Prothé, na dereva Mtutsi, Innocent, na wote wawili wanajua siasa ni nini hata kama tajiri wao hataki kuisikia.

Hapa nataka kusema jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha riwaya hii. Tumezoea kusema kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na hadithi nyingi kuhusu watoto na vita huandikwa kwa kuufuata msemo huo: watu wazima wanapigana, mtoto anaumia, nasi tunamhurumia. Faye hakubali kuishia hapo. Gaby anaumizwa, ndiyo, lakini jambo linalomwogofya zaidi ni kwamba vita vinamtaka ashiriki. Vinamtaka aseme yeye ni nani, mama yake ni nani, adui yake ni nani, na baadaye vinamtaka athibitishe majibu yake kwa mikono yake. Utoto wake unaisha kidogokidogo kila anapokataa kujibu na kila jibu linapotolewa kwa niaba yake na mtu mwingine.

Angalieni jinsi mwandishi anavyolianzisha suala hilo kwa utulivu. Katika utangulizi wa kitabu, watoto wanamuuliza baba yao kwa nini Watutsi na Wahutu wanapigana. Wanahakikisha kwanza kwamba nchi ni moja, lugha ni moja na Mungu ni mmoja, na baba anakubali yote hayo. Anapotakiwa kueleza sababu, anazitaja pua. Mazungumzo hayo ni mafupi na karibu yachekeshe, na mara watoto wanaanza kuzitazama pua za watu barabarani. Baba hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kulimaliza swali, lakini tayari amewapa watoto wake kipimo cha kuwagawia binadamu. Msomaji anayekumbuka kwamba wakoloni wa Kibelgiji ndio walioandika kabila la kila mtu kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda katika miaka ya 1930 ataelewa kwamba kipimo hicho kina historia ndefu kuliko kejeli ya Michel.

Sura ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya baiskeli. Baiskeli ya Gaby inaibwa na kijana aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwao, nayo inauzwa mbali na mji. Gaby, Innocent na Donatien, msimamizi wa kazi za baba yake, wanaifuata kijiji kwa kijiji hadi wanaikuta kwa familia ya wakulima maskini walioinunua kwa haki ili wampe mtoto wao. Innocent anaichukua bila huruma, kwa sababu mali ni mali. Donatien, mtu wa dini na mwenye watoto, anaona kwamba wanachokifanya ni dhambi, na anasema hivyo. Gaby anarudi na baiskeli yake, lakini hawezi tena kuifurahia, kwa sababu kwa mara ya kwanza amejiona kwa macho ya mtoto mwingine.

Kwa nini naitilia uzito sura hii kuliko zile za risasi? Kwa sababu wachambuzi wengi hukisifu kitabu kwa kusema kwamba kinaonyesha pepo iliyoharibiwa na vita, wakati mwandishi mwenyewe, katika sura ya baiskeli, anakiri kwamba pepo hiyo haikuwa ya watoto wote. Gaby ana mpishi, dereva, bustani na pasipoti ya Ufaransa. Usafi wake wa moyo ni wa kweli, lakini sehemu yake fulani ilitokana na kutolazimika kuona. Mtoto wa yule mkulima hakuwahi kuwa na anasa hiyo. Faye hamhukumu Gaby kwa hilo, wala hatuhubirii. Anatuachia tukio lenyewe, nalo linabaki kichwani vita vinapofika, kwa sababu tunajua kwamba siku ya kukimbia itakapofika, wapo watakaopanda ndege na wapo watakaotembea kwa miguu.

Vita vinafika kwa hatua ambazo historia inazithibitisha. Mwezi Juni 1993 Warundi walipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa rais ulioshirikisha vyama vingi, uliomweka madarakani Melchior Ndadaye wa chama cha Frodebu, rais wa kwanza Mhutu, dhidi ya Pierre Buyoya wa chama cha Uprona, aliyekuwa rais hadi hapo. Katika riwaya tunaiona siku hiyo kwa njia ya nyuso za watu wanaofanya kazi nyumbani kwa Gaby: mmoja anang'aa, mwingine amenuna, na mtoto anatazama bila kuelewa ni kwa nini furaha ya huyu imekuwa huzuni ya yule. Tarehe 21 Oktoba 1993 Ndadaye aliuawa na askari. Faye haandiki uwanja wa mapambano. Anaandika redio ya taifa inayopiga muziki wa kale wa Ulaya badala ya taarifa ya habari, na watu wazima wanaotambua mara moja kwamba serikali imepinduliwa, kwa kuwa nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuona mapinduzi mwaka 1966, 1976 na 1987. Ni undani wa aina hiyo unaonifanya nimwamini mwandishi.

Kisha shule. Wanafunzi waliokuwa wakicheza pamoja wanapigana siku moja, na baada ya hapo kila mmoja anajua ni kundi gani linamhesabu kuwa wake. Gaby anajaribu kubaki katikati. Kadiri wenzake wanavyozungumzia silaha na kulinda mtaa, yeye anakwenda kwa Bi Economopoulos, jirani Mgiriki mwenye nyumba iliyojaa vitabu, na kuazima kimoja baada ya kingine. Nimesikia sehemu hii ikielezwa kuwa ni sifa kwa fasihi kama kimbilio. Nadhani ni ngumu zaidi ya hapo. Vitabu vinampa Gaby dunia pana, hilo ni kweli, lakini kila jioni anayoitumia kusoma ni jioni ambayo marafiki zake wanaihesabu kama usaliti, na kimya chake hakimzuii Francis, kijana mkubwa kidogo ambaye mwanzoni alikuwa adui wao, kuwa kiongozi wa barabara yao. Vitabu havikuweza kufunga geti la mtaa, na mwandishi ana uaminifu wa kutosha wa kulisema hilo ingawa ni wazi kwamba anavipenda mno.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyokuwa imembeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi iliangushwa Kigali ikitokea Dar es Salaam, ambako viongozi wa nchi za eneo letu walikuwa wamekutana. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, na katika muda wa siku mia moja hivi watu wapatao 800,000, na kwa hesabu nyingine hadi milioni moja, waliuawa. Kabla ya hapo mwandishi ametupeleka Kigali kwa ajili ya arusi ya mjomba wa Gaby, Pacifique. Tumekwisha kukaa mezani na jamaa za Yvonne, kucheza na watoto wao, kusikia redio inayomwaga chuki na kuona vijana wanaosimamisha magari. Kwa hiyo idadi ya waliokufa inapotajwa, msomaji hana haja ya kujitahidi ili ahisi kitu. Anawafikiria watu wale wa mezani.

Yvonne anakwenda Rwanda kuwatafuta. Anarudi akiwa mtu mwingine. Simulizi anayoitoa mbele ya familia kuhusu alichokikuta katika nyumba ya jamaa zake ni kurasa chache tu, zimeandikwa kwa sentensi kavu zisizo na mapambo, nami sijasoma kurasa zenye uzito kama huo katika riwaya nyingine ya kwanza ya miaka ya karibuni. Baada ya hapo anaanza kumwamsha Ana usiku ili amsimulie tena na tena. Mama anayemsomesha mtoto kifo gizani, bila kukusudia ubaya wowote, kwa sababu hana mahali pengine pa kukitua, ni jambo ambalo vitabu vya historia haviwezi kulibeba. Na Gaby, anayelala karibu na kusikia yote, analazimika kuchagua kati ya kumtetea mdogo wake na kumwonea huruma mama yake. Mnaona jinsi swali la upande linavyorudi hata ndani ya chumba cha kulala.

Mwisho wake sitawaambia. Nitasema tu kwamba Gaby anafikishwa mahali ambapo kukataa kunaweza kumgharimu, na anachokifanya hapo ndicho kinachokipa kitabu uzito wake wote. Waliokwisha kukisoma wanajua ninachokizungumzia. Kama mwandishi angemwepusha Gaby na tukio lile, tungekuwa na hadithi nzuri ya mtoto mwema katika nchi iliyopotea. Hakumwepusha, na kwa hiyo anayerudi Bujumbura akiwa mtu mzima, katika sehemu ya mwisho, si mgeni anayekumbuka maembe. Ni mtu mwenye deni.

Sasa niyaseme ambayo hayakuniridhisha. La kwanza ni sauti. Gaby ana umri wa kati ya miaka kumi na kumi na mbili hivi katika sehemu kubwa ya kitabu, lakini mara nyingine anaongea kama mshairi mwenye umri wa miaka thelathini. Tunaweza kukubali, kwa kuwa msimulizi ni mtu mzima anayekumbuka, ila barua anazomwandikia Laure, msichana wa Ufaransa wanayeandikiana kupitia shule, zinadaiwa kuwa za mtoto wa wakati ule, na ndizo zilizopambwa kupita kiasi. Kila barua inafika kwenye sentensi ya kupendeza mno. Ningefurahi zaidi kama baadhi yake zingekuwa na makosa na mambo yasiyo na maana, kama barua za watoto zilivyo.

La pili ni zito zaidi, nami nalisema kwa heshima. Mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka kusini mwa Burundi, utawala wa Michel Micombero uliwaua Wahutu kwa wingi, hasa waliosoma: walimu, watumishi wa serikali, wanafunzi. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Warundi waliovuka kuja Tanzania wakati ule ndio waliofungua mashamba katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengi wao walikuja kuwa raia wa Tanzania. Bila kuujua mwaka 1972, msomaji hawezi kupima furaha ya mpiga kura Mhutu wa 1993, wala hasira iliyofuata kifo cha Ndadaye, wala hofu ya Watutsi walioogopa kulipiziwa. Riwaya inaona zaidi kutokea upande wa familia ya mama Mtutsi, na kwa mtoto wa Yvonne hilo ni jambo la kawaida. Lakini kitabu kinachokataa watu kugawanywa kingepata nguvu zaidi kama Prothé angepewa sura moja ya kusimulia familia yake mwenyewe ilipitia nini. Anapika, anaugua, anatabasamu, anaogopa, na karibu wakati wote tunamwona kutoka nje.

Kasoro hiyo hainifanyi niache kukipendekeza. Inanifanya nipendekeze kisomwe pamoja na wazee wanaokumbuka, hasa hapa kwetu. Kigoma na Bujumbura zinatumia ziwa moja, na baada ya Oktoba 1993 mamia ya maelfu ya Warundi walivuka mipaka, wengi wao wakaja katika mikoa yetu ya magharibi. Mapatano yaliyofungua njia ya amani ya Burundi yalitiwa saini Arusha mwezi Agosti 2000, baada ya usuluhishi alioanza Mwalimu Nyerere na ambao Nelson Mandela aliuendeleza. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa Tanzania anaweza kumaliza kidato cha sita akiwa ameishi jirani na historia hii bila kusoma hata riwaya moja inayoihusu.

Kuhusu nakala ya kununua, anayesoma Kifaransa anunue chapa ya asili. Kifaransa chake hakina ugumu. Sentensi ni fupi, mazungumzo ni mengi, na mtu aliyefika kiwango cha kati ataweza kuifuata. Anayesoma Kiingereza atafute Small Country, tafsiri ya Sarah Ardizzone iliyotoka mwaka 2018, ambayo imehifadhi wepesi wa utani wa watoto, na hilo ndilo jambo gumu kulihamisha. Ipo pia filamu ya mwaka 2020 iliyoongozwa na Éric Barbier. Nashauri muitazame baada ya kusoma, kwa kuwa picha za skrini zitawanyima nafasi ya kuijenga barabara ile wenyewe.

Wazazi na walimu wataniuliza kuhusu umri. Nusu ya kwanza inaweza kusomwa na mtoto wa miaka kumi na miwili bila shida. Nusu ya pili ina maelezo ya miili ya watoto waliouawa, ina kundi la watu linalomshambulia mtu barabarani, na ina ukatili unaofanywa na watoto wenyewe. Ningekitoa kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu kwenda juu, na ningemtaka mwalimu awe amezisoma kwanza kurasa za kurudi kwa Yvonne kabla ya kuzipeleka darasani. Katika darasa lenye watoto wa wakimbizi, mwalimu asimwite mtoto yeyote mbele kueleza kabila lake au yaliyoipata familia yake. Atakayetaka kusema atasema mwenyewe.

Asanteni kwa kunisikiliza.